Chumvi imekwenda wapi? Uchambuzi wa kisa cha somo la michanganyiko na mimumunyo

Kisa hiki ni cha darasa la wanafunzi 36 wa miaka 10 na 11, waliogawanywa katika vikundi tisa vya wanne wanne. Kimeundwa kutokana na mambo yanayojirudia somo hili linapofundishwa kwa vitendo, yakawekwa ndani ya darasa moja ili yafuatike kwa urahisi. Vipimo vyake vinalingana na jinsi chumvi, maji na chaki vinavyotenda kweli. Somo lilipangiwa vipindi vinne vya dakika 40, na lengo lilikuwa moja: mwanafunzi aweze kuonyesha kwa ushahidi kwamba kitu kilichomumunyika majini bado kimo, ingawa hakionekani na hakinaswi na chujio.

Mwisho wa kipindi cha nne wanafunzi waliulizwa waandike: chumvi mliyoitia majini iko wapi? Walio wengi waliandika kwamba imepotea, imegeuka maji, au imebaki kidogo tu. Wachache walioandika kwamba bado imo hawakutaja kipimo chochote. Waliandika kwamba ndivyo mwalimu alivyosema. Na hili halikutokana na uvivu. Vifaa vilitosha, kila mtoto alishika kitu mkononi, na majedwali yote yalijazwa.

Hukumu yetu ni kwamba watoto hawa waliusoma ushahidi wao sawasawa. Ushahidi wenyewe ndio uliokwenda upande, na ulipelekwa huko na mpangilio wa kazi: nini kilipimwa, kilipimwa saa ngapi, na kilimiminwa kwenye chombo cha namna gani. Mwalimu anayekuta majibu kama haya hushawishika kurudi ubaoni na kueleza upya. Maelezo hayo hayatasaidia maadamu jedwali lililo mbele ya mtoto linasema kinyume chake.

Kilichofanyika

Kila kikundi kilipata vikombe vitatu vya plastiki vinavyoonyesha ndani, kila kimoja na mililita 50 za maji. Cha kwanza kilitiwa vijiko viwili vya changarawe iliyooshwa, cha pili kijiko kimoja cha chaki ya ubaoni iliyosagwa, cha tatu kijiko kimoja cha chumvi laini. Vijiko vilikuwa vya mililita 5, vikasawazishwa kwa ukingo wa rula; kijiko kama hicho hubeba takribani gramu 6 za chumvi. Wakakoroga, wakatazama, wakaandika walichokiona.

Kipindi cha pili kilikuwa cha kutenganisha. Changarawe ilinaswa na chujio la waya. Chaki ilipita kwenye waya, ikapelekwa kwenye faneli yenye karatasi ya kuchujia, na vikundi vinne vikapata maji meupe upande wa chini. Chumvi ilipita kwenye waya na kwenye karatasi pia, na karatasi ikaonekana tupu.

Kesho yake, kipindi cha tatu, vikundi vilipima uzito wa maji ya chumvi yaliyokwisha kuchujwa, kwa mizani ya kidijiti inayosoma gramu nzima. Walikuwa wametia gramu 50 za maji na gramu 6 za chumvi, hivyo walitarajia 56. Walipata 53, 52, 54, na kikundi kimoja kikapata 50 kamili. Hicho ndicho kilichoshangilia kuliko vyote: maji yalikuwa 50, sasa ni 50, basi chumvi haimo tena.

Vikombe vikawekwa dirishani. Siku tatu baadaye, katika kipindi cha nne, kikombe cha chumvi kilikuwa bado kina maji na hakina punje hata moja. Maji ya chaki, ambayo kwa sababu vikombe vilikuwa vichache yalimiminwa kidogo kidogo kwenye sahani bapa, yalikuwa yamekauka na kuacha utando mweupe. Kwa hiyo jedwali likasomeka hivi: chaki inapita kwenye karatasi na inarudi, chumvi inapita na hairudi. Mtu yeyote asiyejua jibu, akipewa jedwali hilo, atahitimisha vile vile walivyohitimisha watoto.

Uzito ulipimwa baada ya kuchuja

Hapa ndipo somo lilipovunjika, na ndipo panapostahili muda mwingi kuliko pengine pote.

Karatasi ya kuchujia ikilowa hubaki na gramu mbili hadi nne za majimaji, kutegemea ukubwa na unene wake. Kuta za faneli na kikombe cha kwanza hushika matone mengine. Kijiti cha kukorogea nacho hutoka na chake. Ukijumlisha, na ukiongeza maji yaliyokwenda na hewa usiku kucha, unafika bila shida kwenye gramu tatu au nne, nazo ni nusu au zaidi ya uzito wa chumvi yote iliyotiwa. Kikundi kilichopata 50 kilimwaga kidogo pia wakati wa kumimina. Hakuna hata gramu moja ya hasara hiyo inayohusu kumumunyika. Lakini mtoto hawezi kutofautisha hasara ya chujio na hasara ya chumvi, kwa sababu zote mbili zinaonekana kwenye tarakimu moja.

Tiba yake ni kupima kabla ya kitu chochote kuondoka mezani. Weka juu ya mizani, kwa pamoja, kikombe chenye mililita 50 za maji, kijiti cha kukorogea, na kipande cha karatasi kilichobeba chumvi. Andika usomaji. Mimina chumvi majini, rudisha karatasi ile ile juu ya mizani, koroga kwa kijiti kile kile bila kukitoa, kisha soma tena. Kwa kikombe cha gramu 8, kijiti cha gramu 2, karatasi ya gramu 1, maji gramu 50 na chumvi gramu 10, jumla ni 71 kabla na 71 baada.

Chumvi imepandishwa kutoka gramu 6 hadi 10 kwa makusudi. Mizani ya gramu nzima inaweza kuruka gramu moja juu au chini bila sababu yoyote inayoonekana, na hilo watoto waambiwe mapema, tena waonyeshwe kwa kukipima kikombe kimoja mara tano. Ikiwa chumvi ni gramu 10, tofauti kati ya "imo" na "haimo" ni mara kumi ya mruko huo, na hakuna atakayebishana kuhusu 70 au 72.

Kabla ya chumvi kumiminwa, kila mwanafunzi aandike tarakimu mbili kwenye daftari lake: kama chumvi inapotea majini, mizani isome ngapi? Kama bado imo, isome ngapi? Jibu ni 61 na 71. Kitendo hiki cha dakika mbili ndicho kinachogeuza mizani kuwa mwamuzi. Bila makisio hayo, 71 ni tarakimu tu. Mtoto anaisoma, anaiandika na kuendelea kuamini alichokiamini asubuhi.

Pasipo na mizani ya kidijiti, ufito uliotundikwa katikati kwa uzi unatosha. Vikombe viwili vinavyofanana, vyenye maji sawa, vining'inie kila upande, na kwenye kimoja karatasi yenye chumvi ilale juu ya mdomo wa kikombe. Sawazisha kwa kuongeza changarawe upande mwepesi. Kisha mwaga chumvi ndani ya kikombe hicho hicho, karatasi ibaki pale pale. Ufito usipoinama, swali limejibiwa bila tarakimu hata moja, na kwa watoto wengine jibu hili la macho lina nguvu kuliko la mizani.

Kuna walimu wanaopenda kuonyesha ujazo badala ya uzito. Kwa umri huu tunashauri uachwe. Gramu 10 za chumvi katika mililita 50 za maji zinafikisha mmumunyo mililita 53 na nusu hivi. Ndani ya kikombe chenye kipenyo cha sentimita 7 maji yanapanda chini ya milimita moja, kiasi ambacho jicho halikioni, na mtoto anatoka akiamini kwamba chumvi haikuchukua nafasi. Ndani ya silinda ya kupimia ongezeko linaonekana, lakini linazua swali lingine: mbona chumvi kavu ilijaza mililita 8 za kijiko na sasa imeongeza tatu na kitu? Swali hilo ni zuri, ila linahitaji mazungumzo kuhusu hewa iliyo kati ya punje na jinsi chembe zinavyopangana majini, na litalimeza somo zima.

Kikombe kirefu, sahani bapa

Kosa la pili linaeleweka kwa hesabu fupi. Mililita 100 za maji ya joto la kawaida la chumba hushika takribani gramu 36 za chumvi. Kwa hiyo gramu 6 haziwezi kuanza kujitokeza mpaka maji yapungue kufikia mililita 17 hivi. Kutoka mililita 50, ni lazima 33 zigeuke mvuke kwanza. Ndani ya kikombe chenye kipenyo cha sentimita 7, mililita 33 ni kina cha karibu milimita 9. Maji yaliyotulia ndani ya chumba, pasipo jua wala upepo, mara nyingi hupungua milimita moja au mbili kwa siku, na maji ya chumvi hupungua polepole zaidi kuliko maji matupu. Siku tatu zisingetosha kabisa. Kikombe kile kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri. Aliyekosea ni kalenda ya somo.

Chukua mililita 10 tu za mmumunyo kwa sirinji isiyo na sindano, zimimine kwenye sahani bapa yenye kipenyo cha sentimita 12. Kina chake hakifiki milimita moja, na kwa kawaida sahani hukauka kwa siku moja hadi mbili. Sahani nyeusi ni bora, maana fuwele, yaani punje ngumu za chumvi zinazojiunda maji yakikauka, huonekana. Ifunikwe kwa karatasi nyepesi iliyotobolewa ili vumbi lisiingie, na isisogezwe. Maji yakiondoka taratibu zinabaki fuwele za umbo la mchemraba zenye kingo zilizonyooka, na mtoto mwenye kioo cha kukuzia anaweza kuhesabu pembe zake. Maji yakiondoka kwa haraka, kwa mfano juani penye upepo, kinabaki kigaga cheupe kisicho na umbo; nacho ni chumvi, lakini hakimshawishi mtazamaji.

Mililita 10 za mmumunyo wa gramu 10 kwa 50 huacha karibu gramu 1.9 za chumvi. Mizani ya gramu nzima itasema 1 au 2, ambayo haithibitishi kitu. Hapa vikundi tisa vinafaa kuwa darasa moja: pima sahani tisa tupu kwa pamoja, kisha zikikauka zipime tena kwa pamoja. Ongezeko linapaswa kukaribia gramu 17. Watoto waliokokotoa mapema kwamba kila sahani ina chini kidogo ya moja ya tano ya gramu 10 wataliona jibu likija.

Kukausha kwa moto hatukushauri wanafunzi wafanye. Mmumunyo unapokaribia kukauka, chembe za chumvi ya moto huruka kutoka chomboni, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani ya fuwele hugeuka mvuke na kuzipasua. Mwalimu akilazimika, apashe yeye mwenyewe moto mdogo, avae miwani ya kukinga macho, wanafunzi wakae mbali, na auzime kukiwa bado na unyevu.

Utando mweupe wa chaki

Utando ule uliwapotosha watoto kwa njia ambayo walimu wengi hawaitarajii. Chaki nyingi za ubaoni zimetengenezwa kwa jasi, madini laini meupe. Jasi humumunyika kidogo sana, takribani gramu 2 katika lita nzima, lakini hata mililita 10 za maji yake zikikauka huacha utando unaoonekana kwenye sahani nyeusi. Maji ya bomba au ya kisima nayo yana madini yake na huacha alama. Kwa hiyo sahani ya chaki ilionyesha kitu halisi. Tatizo ni kwamba haikuwa na sahani ya kulinganisha.

Suluhisho lina sehemu mbili. Kwanza, kila jaribio la kukausha liwe na sahani ya tatu yenye mililita 10 za maji yale yale yasiyotiwa chochote. Afadhali utumie maji yaliyoondolewa madini ukiyapata. Pili, mwalimu aijaribu chaki yake kabla ya somo kwa tone la siki: ikitoa mapovu, ni kalsiamu kaboneti, ambayo karibu haimumunyiki kabisa, ikikaa kimya, ni jasi. Chaki ya kalsiamu kaboneti ndiyo inayofaa kwa kazi hii. Kama iliyopo ni ya jasi tu, endelea nayo, lakini panga dakika tano za kuzungumzia utando huo, kwa kuwa darasa makini litauona na kuuliza.

Maji meupe yaliyotoka chini ya faneli katika vikundi vinne yana sababu nyingine. Walikoroga, wakamimina papo hapo, wakajaza faneli mpaka juu ya ukingo wa karatasi, na chaki ikapita pembeni. Karatasi ikunjwe mara mbili, ifunguliwe kama koni, iloweshwe kwanza kwa maji matupu ili ishike kwenye kuta za faneli. Mchanganyiko uachwe utulie dakika tano, maji ya juu yatangulie, tope la chini lije mwisho, na kimiminika kisivuke robo tatu ya urefu wa karatasi. Yakitoka meupe bado, yarudishwe kwenye karatasi ile ile: tabaka la chaki lililokwisha kutanda hunasa chembe ambazo karatasi peke yake haikuzinasa.

Upande wa chumvi, chagua isiyo na kiungo cha kuzuia kugandamana. Baadhi ya viungo hivyo havimumunyiki, na huyafanya maji kuwa na ukungu. Mtoto aliyefundishwa kwamba mmumunyo unapitisha mwanga bila ukungu atasema, kwa haki kabisa, kwamba maji ya chumvi si mmumunyo.

Karatasi iliyokauka

Katika kisa hiki kuna dakika moja iliyopotea. Mwanzoni mwa kipindi cha tatu mwanafunzi mmoja alileta mbele karatasi ya kuchujia ya kikundi chake, ile iliyopitishiwa maji ya chumvi. Usiku ilikuwa imekauka. Ilikuwa ngumu, ilitoa mlio ilipokunjwa, na kwenye ukingo wake wa juu kulikuwa na mstari wa vipunje vinavyometameta. "Mwalimu, karatasi yetu imeota vitu." Mwalimu alisema vizuri, akamwomba akae, maana mizani ilikuwa inasubiriwa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa na jibu la somo. Majimaji yaliyobaki ndani yake yalikuwa mmumunyo, na mmumunyo huo ulipanda kwenye nyuzi za karatasi hadi ukingoni, maji yakaenda na hewa, chumvi ikabaki pale ilipofikishwa. Ndiyo inayoeleza kwa nini mizani ilisoma 53: karatasi ilichukua maji, na ilichukua chumvi pia. Mwalimu anayerudia kazi hii afanye kukausha karatasi kuwa sehemu ya mpango. Karatasi tatu zitundikwe pamoja usiku kucha: iliyopitishiwa maji matupu, iliyopitishiwa chaki, iliyopitishiwa chumvi. Asubuhi watoto waziguse na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia. Swali lao liwe: kama karatasi haikunasa chumvi, vipunje hivi vimefikaje hapa?

Maswali ya mwalimu

Maswali mengi yaliyoulizwa yalitaka jina: huu ni mchanganyiko au mmumunyo? Mtoto hukisia, hukubaliwa au hukataliwa, na mazungumzo huishia hapo. Jina ni muhimu lakini lije baada ya kitu kuonekana. Changarawe na maji, chaki na maji, chumvi na maji, vyote vitatu ni michanganyiko. Mmumunyo ni mchanganyiko wa aina ya pekee, ambao sehemu moja imetawanyika ndani ya nyingine kwa chembe ndogo mno, sawasawa kila mahali. Watoto wakiachiwa kufikiri kwamba ni lazima wachague kimoja kati ya viwili, kosa hilo litakaa nao miaka.

"Sawasawa kila mahali" lipimwe. Kwa sirinji, chota mililita 10 kutoka juu ya kikombe na mililita 10 kutoka chini bila kutibua, kausha kila moja kwenye sahani yake, linganisha. Fanya hivyo hivyo kwa chaki iliyotulia dakika tano. Sahani mbili za chumvi zinafanana. Za chaki zinapishana kwa mbali.

Wapo pia waliosema chumvi imeyeyuka kama barafu. Hao wasiambiwe wamekosea. Wapewe kikombe kikavu chenye chumvi na kingine chenye barafu, vikae mahali pale pale kwa nusu saa. Barafu inakuwa majimaji kwa joto la chumba peke yake, bila kuongezwa kitu. Chumvi kavu haibadiliki, kwa kuwa ili igeuke majimaji kwa joto inahitaji nyuzi 801 za Selsiasi. Kilichoifanya isionekane kikombeni ni kuwamo majini.

Na atatokea mtoto atakayesema tuonje. Kataa, hata kama kila mmoja anajua ni chumvi. Kanuni ya kutoonja vifaa vya uchunguzi haina nafasi ya kubahatisha, na vikombe hivyo vimeguswa na mikono mingi. Mwambie kwamba wazo lake ni ushahidi wa kweli ila haturuhusiwi kuutumia, kwa hiyo tutafute ushahidi mwingine wenye nguvu kama huo. Hapo mizani na sahani zinapata sababu ya kuwapo.

Maji yanaposhiba

Darasa likishakubali kwamba chumvi imo, swali linalofuata huja lenyewe: yanaweza kubeba kiasi gani? Tumia chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, mililita 50 za maji, na vifurushi vya chumvi vya gramu 5. Tia kifurushi kimoja, funga, tikisa dakika nzima, weka chini, subiri dakika moja, tazama. Kifurushi cha kwanza, cha pili na cha tatu vitapotea machoni. Cha nne kitabaki kwa sehemu, gramu 2 hivi zikitua chini, kwa sababu mililita 50 zinashiba kwenye gramu 18.

Vikundi vinavyotumia kikombe wazi na kijiti husimama mapema, mara nyingi kwenye gramu 10, wakisema maji yameshiba. Hawakukoroga vya kutosha. Kosa hili ni la thamani, kwani linafichua mambo mawili ambayo watoto huyaona kuwa moja: chumvi inamumunyika upesi kiasi gani, na inamumunyika kiasi gani. Kukoroga, kusaga punje na kupasha maji joto huharakisha. Kwa chumvi, joto haliongezi kiasi kwa namna ambayo darasa linaweza kuipima: kutoka gramu 36 hivi katika maji ya chumbani hadi 39 hivi katika maji yanayochemka, kwa kila mililita 100. Kwa hiyo kanuni ya "maji ya moto hubeba zaidi" isifundishwe kwa chumvi. Sukari inaonyesha tofauti hiyo wazi, lakini inahitaji gramu 200 hivi kwa kila mililita 100 za maji ya chumbani kabla ya kushiba, kiasi kikubwa na chenye kunata. Tungeiachia madarasa ya juu.

Hesabu ya mwisho

Badala ya kuuliza tena chumvi iko wapi, mpe kila mwanafunzi kazi ya kufunga hesabu. Kikundi kipokee mchanganyiko mkavu wa gramu 20 za changarawe, gramu 5 za unga wa kalsiamu kaboneti na gramu 10 za chumvi. Kabla ya kugusa maji, kila mmoja aandike mpango wake: hatua, kifaa, na kinachotarajiwa kubaki wapi. Mpango unaofanya kazi ni kutia mililita 50 za maji, kutikisa, kupitisha kwenye waya wenye matundu ya milimita 2, kuisuuza changarawe kwa mililita 10 za maji na kuyarudisha humo humo, kuchuja, kuisuuza karatasi kwa mililita 10 nyingine, kisha kukausha kila sehemu kwenye sahani zilizopimwa. Hatua za kusuuza ndizo zinazosahauliwa, na asiyesuuza anaacha chumvi yake ndani ya karatasi na juu ya changarawe.

Usitarajie gramu 35 kamili. Kikundi kizuri hupata 33 au 34, na alama zitolewe kwa maelezo ya pengo: unga ulioganda kwenye changarawe, chumvi iliyobaki kwenye kuta za faneli, tone lililoanguka mezani. Kikundi kinachopata 37 hakijafanya vibaya kuliko hicho. Mara nyingi unga wake bado una maji ndani, kwa sababu uso wake hukauka siku moja kabla ya katikati. Sahani irudi dirishani, ipimwe kesho, na kesho kutwa, mpaka mizani isome sawa mara mbili mfululizo. Tarakimu hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye jedwali.